Gari Linagonga Chini: Mwongozo Kamili wa Kutafuta na Kurekebisha Sehemu Zilizochoka

Malalamiko yanayojirudia ni mawili. Mmoja anasema: "Nimebadilisha shokapu zote nne, mlio uko palepale." Mwingine anasema: "Nimefunga bushi mpya, hazijakaa, zimeshachanika."

Wa kwanza alinunua kifaa kabla ya kupima. Wa pili alikaza bolti za amu, yaani mikono ya chuma inayounganisha gurudumu na fremu, magurudumu yakiwa yananing'inia. Mwongozo huu umepangwa ili usiangukie kwenye shimo lolote kati ya hayo mawili.

Unahusu magari yenye springi za koili na bushi za raba (vipande vya raba kwenye maungio ya amu), ambayo ndiyo magari madogo mengi. Kama gari lako linabebwa na mifuko ya hewa, au shokapu zake zina waya wa umeme, hatua za kukagua bado zitakusaidia, lakini kazi ya kufungua mwachie fundi mwenye mashine ya kusoma gari hilo.

## Andaa hivi kwanza

- Jeki ya sakafuni, na stendi mbili imara za kuegemeza gari
- Kabari za kuzuia magurudumu
- Mtaimbo mdogo wa chuma, mrefu kiasi cha mkono
- Spana, soketi na alenkii (ufunguo wa pembe sita)
- Toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza
- Nyundo nzito, brashi ya waya na mafuta ya kulegeza kutu
- Tochi, futi ya kupimia, na rangi au chaki ya kuwekea alama
- Nati mpya za kujifunga na kota pini mpya (pini za kuzuia nati isifunguke), kwa kila kiungo utakachofungua
- Kitabu cha ufundi cha gari lako, kwa ajili ya vipimo vya kukaza
- Vibano viwili vya springi, kama utatenganisha shokapu na springi yake
- Mtu wa pili. Vipimo kadhaa haviwezekani ukiwa peke yako.

Onyo: jeki kazi yake ni kuinua tu. Usiingize hata kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi mahali ambapo kitabu cha gari kimeonyesha, juu ya sakafu ngumu, kisha lisukume gari kidogo kwa mkono uhakikishe limetulia ndipo ufungue tairi.

## Hatua ya 1: Ondoa washukiwa wa uongo

Kabla ya kuilaumu shokapu, pima upepo wa matairi yote yakiwa ya baridi. Tairi lenye upepo mwingi kupita kiasi hufanya gari lirukeruke, na lenye upepo mdogo hufanya usukani uvute upande mmoja.

Toa kila kitu kwenye buti, pamoja na jeki na tairi la akiba. Tikisa bomba la moshi likiwa la baridi uone kama raba zinazolining'iniza zimekatika. Halafu endesha polepole kwenye njia mbovu huku ukigusa breki kidogo sana. Mlio ukikatika mara tu unapogusa, anza kukagua pedi na kalipa, kile kinachobana pedi kwenye disiki ya breki.

Kuna pia ule mlio wa ta-ta-ta unaosikika ukikata kona kali huku unakanyaga mafuta. Huo ni wa jointi ya nje ya ekseli inayozungusha gurudumu, si wa shokapu wala bushi.

Umefanikiwa kama: mlio uliobaki unatokea gari likipita kwenye mashimo, likifunga breki au likikatwa usukani, na si kwa sababu nyingine.

## Hatua ya 2: Sikiliza gari likitembea

Mpe mwenzako usukani, shusha vioo, mwendo usizidi kilomita 20 kwa saa. Usisikilize ukali wa mlio, sikiliza *wakati* unapotokea.

Mgongano mwepesi wa haraka haraka kwenye vijiwe na mashimo madogo, gari likiwa polepole, mara nyingi ni wa stabilaiza linki au bushi za stabilaiza (fimbo ya chuma inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale sana kwenye kona). Huu ndio mlio unaowafanya watu wengi wanunue shokapu bure, kwa sababu unasikika ukitokea palepale shokapu ilipo. Linki ni kijiti kidogo chenye kiungo kila mwisho, na kwenye magari mengi kimefungwa moja kwa moja kwenye mwili wa shokapu.

Mgongano mmoja mzito ("du!") unapofunga breki, na mwingine unapoweka gia ya nyuma na kuondoka, unaelekeza kwenye bushi kubwa ya nyuma ya amu ya chini. Amu inasogea mbele na nyuma kwa sababu raba haiishiki tena.

Mlio wa kukwaruza, au wa springi kuruka, unapokata usukani gari likiwa limesimama, hutoka kwenye maunti ya juu ya shokapu (kishikizo chake kwenye bodi) au beringi yake. Weka kiganja taratibu juu ya koili wakati mwenzako anakata usukani. Ikiwa springi inakaza, inakaza, kisha inaruka ghafla, beringi ya juu imeshika.

Gari linaloendelea kunesa baada ya tuta, linaloinamisha pua sana kwenye breki, au linaloyumba kwenye kona bila mlio wowote, hapo ndipo shokapu inakuwa mshukiwa wa kwanza. Shokapu iliyokufa mara nyingi haipigi kelele.

## Hatua ya 3: Kagua gari likiwa chini

Egesha mahali pa usawa. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa chini kwa zaidi ya sentimita moja na nusu, tafuta springi iliyovunjika. Koili hupenda kukatika mzunguko wa chini kabisa, ndani ya kikombe chake, ambako uchafu na kutu hukaa. Usipopiga tochi hapo huwezi kuiona.

Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi. Mabonde na vilima vinavyofuatana kuzunguka tairi ni dalili ya shokapu dhaifu au gurudumu lisilo na balansi. Tairi lililoliwa upande mmoja tu linaonyesha alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) imetoka, na mara nyingi kuna bushi au boljointi (kiungo chenye kichwa cha mviringo kati ya amu na gurudumu) iliyosababisha.

Sasa bonyeza kona ya gari kwa nguvu, uachie. Inapaswa kupanda na kutulia. Ikicheza juu na chini zaidi ya mara mbili, shokapu imekwisha. Ila kipimo hiki kinasifiwa kuliko kinavyostahili: kinakamata shokapu iliyokufa kabisa, na shokapu iliyochoka nusu hukipita bila shida. Kona kutulia haraka si hati ya usafi.

Angalia mwili wa shokapu. Ukungu mwembamba wa oili karibu na juu, uliokaushwa na vumbi, ni kawaida. Oili iliyochuruzika hadi chini na kulowesha mwili mzima ina maana sili imepasuka, na shokapu hiyo hairekebishiki kwa kuifuta.

Ukiwa bado chini, shika kila stabilaiza linki na uitikise kwa nguvu. Fanya hivi magurudumu yote mawili yakiwa ardhini, au yote mawili yakiwa juu. Ukiinua gurudumu moja tu, stabilaiza inajikunja na kuibana linki, na kiungo kilichochakaa kinajificha. Unga mwekundu wa kutu kwenye shingo ya kiungo, au mpira wa kuzuia vumbi uliochanika na grisi kukauka nje, unatosha kukushawishi.

## Hatua ya 4: Inua na utikise

Weka kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini. Inua mbele, egemeza kwenye stendi.

Shika tairi juu na chini, uvute na kusukuma kwa zamu. Ukihisi mchezo, yaani kulegea, mwombe mwenzako akanyage breki na kushikilia, kisha urudie. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni boljointi au kiungo kingine. Sababu ni kwamba breki hufunga disiki na kalipa pamoja, hivyo uchakavu wa beringi hauwezi kuonekana.

Shika kushoto na kulia, utikise. Mchezo hapa kwa kawaida ni wa tairodi endi (kiungo cha mwisho cha fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu), au kiungo cha ndani kilichofichwa na mpira wenye mikunjo kwenye stelingi. Mtu wa pili aguse kila kiungo kwa kidole wakati unatikisa. Kidole huhisi mchezo ambao jicho halijauona.

Kwa boljointi, mahali unapoinulia kuna maana kubwa:

- Kama springi imezunguka shokapu na vyote vinabebwa na bodi juu, inua gari kwa bodi na uache gurudumu lining'inie.
- Kama springi imekaa juu ya amu ya chini, weka jeki chini ya amu hiyo, karibu na boljointi, hadi gurudumu liachane kidogo na ardhi.

Katika hali zote mbili lengo ni kuondoa mzigo kwenye boljointi ya chini. Ikiwa imebanwa na springi, haitacheza hata kama imebaki kidogo kuchomoka.

Ingiza mtaimbo chini ya tairi, inua taratibu, angalia kiungo. Vitabu vingi vya ufundi vimeweka kiwango cha mchezo unaoruhusiwa, na kwa boljointi nyingi za magari madogo mchezo wowote unaoonekana kwa macho ni sababu ya kubadilisha.

Onyo: boljointi yenye mchezo mkubwa si jambo la kusubiri mwisho wa mwezi. Ikichomoka, gurudumu hulala upande na usukani hauna kazi tena. Usiendeshe.

## Hatua ya 5: Chunguza bushi kwa mtaimbo

Bushi ya amu ni raba iliyogandishwa kati ya bomba la chuma la ndani na ganda la nje. Bolti hubana bomba la ndani lisizunguke. Amu inapopanda na kushuka, ni raba yenyewe inayojipinda. Ukielewa hili, hatua ya 9 itajieleza.

Safisha kwa brashi kwanza. Nyufa ndogo za juu juu kwenye raba ya zamani si hukumu. Weka mtaimbo kati ya amu na fremu, sukuma kwa nguvu ya kawaida ya mkono, na uangalie mambo matatu: raba kuachana na chuma, bomba la ndani kukaa pembeni badala ya katikati, na mstari wa chuma kinachong'aa pale ambapo amu imekuwa ikisugua fremu. Mng'ao huo ndio ushahidi mzito kuliko yote, maana chuma haking'ai chini ya gari bila kuguswa.

Baadhi ya bushi kubwa zina majimaji ndani. Ukikuta michirizi myeusi inayonata imetoka humo, bushi imepasuka hata kama raba inaonekana nzima.

Usitumie mtaimbo kama unavunja mlango. Bushi nzima pia husogea. Unatafuta mchezo uliolegea, si mnyumbuko wa raba.

## Hatua ya 6: Stabilaiza linki

Anza na hii kama imeonyesha uchakavu, kwa kuwa ndiyo rahisi kuliko zote. Magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo yawe katika kimo kimoja ili stabilaiza isiwe imekaza.

Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, subiri. Nati ikizunguka pamoja na pini yake, ingiza alenkii kwenye tundu la mwisho wa pini, au shika nyuma ya mpira kwa spana nyembamba. Usishike mpira wenyewe kwa koleo.

Funga mpya kwa nati mpya. Umefanikiwa kama: ukiitikisa kwa mkono haina sauti, na mpira wa vumbi haujapinda.

## Hatua ya 7: Shokapu na springi

Shokapu hubadilishwa mbili mbili kwa ekseli moja. Moja mpya na moja iliyochoka hufanya gari lijibu tofauti kila upande, na utaligundua kwenye breki ya ghafla. Springi nazo ni vivyo hivyo.

Kabla ya kufungua, weka alama ya rangi pale shokapu inapokutana na chuma kinachobeba habu (kitovu cha gurudumu), ili irudi kwenye pembe ileile. Toa waya wa ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga kwenye breki) na bomba la breki kwenye vishikizo vyake. Funga chuma cha habu kwa kamba kisiangukie nje. Kikiinama sana kinaweza kunyonga bomba la breki au kuchomoa jointi ya ndani ya ekseli.

Fungua bolti za chini, kisha nati ndogo za pembeni juu, chini ya boneti.

Onyo kubwa: nati ya katikati juu ya shokapu usiiguse mpaka springi iwe imebanwa na vibano viwili. Nati hiyo ndiyo inayoizuia springi isiruke, na ikiruka inaweza kuua. Weka vibano pande mbili zinazotazamana, vishike koili nyingi iwezekanavyo, na ukaze kwa zamu, kidogo huku kidogo kule. Tumia spana ya mkono, si mashine ya upepo. Usielekeze ncha ya springi kwako wala kwa mwenzako. Endelea tu pale springi inapoanza kucheza ndani ya vikombe vyake.

Kama huna vibano vizima, nunua shokapu iliyokwishaungwa na springi na maunti kiwandani, au peleka kwa fundi atenganishe. Sioni sababu ya kubahatisha hapa.

Shokapu mpya ishike wima, ibonyeze hadi mwisho na kuivuta hadi mwisho mara kadhaa, ili hewa iliyopenya kwenye oili wakati imelala itoke. Ile ya gesi itarudi yenyewe, na hilo ni sawa. Fimbo yake inayong'aa isiguswe kabisa na koleo: mkwaruzo mdogo tu utachana sili, na shokapu itaanza kuvuja ikiwa bado mpya.

Weka raba ya kuzuia kugonga na mpira wa vumbi vipya. Hakikisha ncha ya springi imekaa kwenye kituo chake ndani ya kikombe kabla ya kulegeza vibano.

## Hatua ya 8: Boljointi na bushi za amu

Toa kota pini, legeza nati lakini iache imeshika nyuzi chache ili amu isiruke. Pini ya boljointi ni nyembamba upande mmoja na imejibana kwenye tundu lake. Usiigonge kwenye ncha yake. Gonga kwa nyundo nzito ubavuni mwa *jicho* linaloishika, mtikisiko huliachia. Kifaa cha kung'olea ni kizuri zaidi, ila chenye umbo la uma huchana mpira, hivyo kitumie tu kwa kiungo unachokitupa.

Tundu lifutwe liwe kavu. Usipake grisi, kwa kuwa pini inashikwa na msuguano. Ukishafikia kipimo cha kukaza na tundu la kota pini halijalingana na meno ya nati, kaza kidogo zaidi hadi yalingane. Usirudishe nyuma.

Kuhusu bushi: bila mashine ya kushindilia, nunua amu nzima yenye bushi na boljointi zake. Kushindilia kwa nyundo huharibu ganda la nje. Ikiwa mashine ipo, weka alama ya uelekeo wa bushi ya zamani kabla ya kuitoa. Nyingi zina mapengo kwenye raba yaliyopangwa makusudi kuelekea upande fulani, na zikigeuzwa gari hubadilika tabia. Kama kitabu kinaruhusu kilainishi, tumia maji ya sabuni. Oili na grisi ya kawaida hula raba.

Bolti za bushi zifunge kwa mkono tu hadi ziguse. Usizikaze bado.

## Hatua ya 9: Kaza gari likiwa na uzito wake

Hapa ndipo bushi mpya nyingi huharibikia. Gurudumu likining'inia, amu imeshuka chini. Ukikaza hapo, bomba la ndani linafungwa katika mkao huo. Gari likishuka, amu inapanda na raba inabaki imepindika hata likiwa limeegeshwa. Kila shimo linaipinda zaidi, mpaka ichanike.

Endesha gari juu ya majukwaa ya kupandia, au acha stendi mahali pake na uweke jeki chini ya amu, karibu na boljointi, uinue hadi bodi ianze tu kuachana na stendi. Pima tena kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi. Kikilingana na kipimo cha hatua ya 3 (cha upande usio na kasoro), ndipo ukaze bolti zote za bushi kwa toki renchi.

Nati za magurudumu zikaze kwa kuvuka, si kwa kuzunguka. Kipimo sahihi kipo kwenye kitabu. Kwa magari madogo mengi huwa kati ya nyutonimita 90 na 120.

## Hatua ya 10: Alaimenti, jaribio na ukaguzi wa pili

Shokapu ya mbele yenye springi, tairodi na amu zikiguswa, alaimenti imeguswa. Stabilaiza linki peke yake haihitaji. Alama za rangi hukufikisha kwenye mashine ya alaimenti salama, hazichukui nafasi yake. Magari yenye mfumo wa kudhibiti utelezi huenda yakahitaji pia sensa ya usukani ipangwe upya. Taa ya mfumo huo ikibaki inawaka, mwambie fundi wa alaimenti.

Kabla ya barabara, kanyaga breki mara kadhaa uhisi pedali imekaza. Kata usukani kushoto na kulia hadi mwisho, uangalie kama bomba la breki linavutika au kusugua.

Rudia njia ileile ya hatua ya 2, kwa mwendo uleule. Gari lipite kwenye vijiwe kimya, lipande tuta na kutulia, usukani urudi wenyewe baada ya kona, na likienda moja kwa moja usilazimike kulishikilia. Mlio mwepesi ukibaki, rudi kwenye linki na maunti za juu kabla ya kununua chochote.

Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza tena nati za magurudumu kwa toki renchi, angalia kota pini zote zipo, na upitishe tochi kwenye shokapu mpya kutafuta oili.